Jeli ya mwani ikipandikizwa mwilini, kinga inaipokeaje?

BintiWaPaje:
Habarini wakuu. Mama analima mwani Paje, Zanzibar, mimi niko mwaka wa tatu, sayansi ya maabara. Nasoma kwamba jeli za mimea na mwani zinapandikizwa mwilini zibebe seli au dawa. Nyumbani wanasema kitu cha asili mwili hauwezi kukikataa. Ni kweli? Na mwani wetu, spinosamu na kotonii, unafaa?

Makrofaji77:
Mdogo wangu, kinga ya mwili haijali kitu kimetoka shambani au kiwandani. Inaangalia ukubwa wake, uso wake, na uchafu kilioingia nao.

Jeli ikishawekwa chini ya ngozi, protini za damu zinanata juu yake papo hapo. Zinafuata nyutrofili, seli nyeupe za damu zinazofika mapema, kisha makrofaji, seli kubwa za kinga zinazomeza vitu vigeni. Zile makrofaji zikishindwa kuimeza, zinaungana kuwa seli moja kubwa yenye viini vingi, zinaita faibroblasti, seli zinazotengeneza nyuzi za tishu, na hizo zinaizungushia jeli ganda la kolajeni, protini ya makovu. Hapo ndipo kazi inapoharibika.

Mwaka 1980 Lim na Sun walifungia seli za kongosho ndani ya vidonge vya aljineti, jeli ya mwani wa kahawia, wakawapandikizia panya wenye kisukari, na sukari ikashuka kwa wiki kadhaa. Ilinisisimua sana nilipoisoma mara ya kwanza. Lakini ganda likishakaza, oksijeni haipiti: seli zinakufa humo ndani na jeli yenyewe bado nzima.

Sasa mwani wenu. Kotonii inatoa karajinani, jeli ya mwani mwekundu, aina ya kapa, spinosamu inatoa ayota. Karajinani ni familia ya kuchukulia kwa tahadhari: tangu 1962 watafiti wanaidunga kwenye unyayo wa panya makusudi ili kuleta uvimbe, ndipo wajaribu dawa za kutuliza uvimbe. Aina wanayotumia zaidi ni lamda, siyo hizo zenu, kwa hiyo sisemi mwani wa Zanzibar haufai. Nasema usimwambie mtu ni salama kwa sababu umetoka baharini.

Daktari_Mtarajiwa:
Mbona Kanada, kule Ottawa, walisafisha tufaa kwa sabuni likabaki selulosi tupu, yaani nyuzi za kuta za seli za mmea, wakaliweka chini ya ngozi ya panya, na baada ya wiki 8 mishipa ya damu ilikuwa imeingia ndani? Lilipokelewa vizuri tu.

Makrofaji77:
Kweli kabisa, na ni kazi nzuri ya 2016. Lakini soma pia siku za mwanzo: uvimbe ulikuwepo, ukapungua kadiri wiki zilivyokwenda. Vitundu vya tufaa vilizipa seli na mishipa njia ya kupita. Halafu mwili wetu hauna kimeng'enya cha kuvunja selulosi, kwa hiyo kipande kinabaki. Kwa mfupa au sikio hilo laweza kuwa jema. Kwa kitu unachotaka kiyeyuke, hapana.

BintiWaPaje:
Ahsante kaka. Nikipata nafasi maabara, nianze na kipi?

Makrofaji77:
Usafi. Pima endotoksini, sumu ya kuta za bakteria, kabla ya kitu kingine chochote. Aljineti nyingi zilizolaumiwa kwa kuleta uvimbe zilikuwa na mabaki ya bakteria na protini za mwani. Kisha ukubwa: utafiti wa 2015 ulionyesha vidonge vya aljineti vya milimita 1.5 vikipata ganda dogo kuliko vile vidogo zaidi, kwa panya na hata kwa nyani. Wengi walitarajia kinyume chake.