Naomba ushauri: baba mdogo anataka hotuba yake ianze na mateso ya vita

Mwana_Katuba

Jambo yenu wote. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Lubumbashi. Baba mdogo wangu anajiandaa kugombea ubunge wa taifa 2028, na kwa kuwa katika familia mimi ndiye mtu wa kalamu, amenipa kazi ya kuandika hotuba atakayotoa mbele ya wakubwa wa chama ili wamweke kwenye listi.

Akiwa kijana alitekwa na wenye silaha upande wa Mitwaba, akabebeshwa mizigo msituni miezi mingi. Mabega yote mawili yana makovu ya kamba. Akivua shati uani, watoto wadogo huyagusa na kuuliza. Sasa watu wa chama wamemwambia aanze na hayo hayo, kwamba yatamletea kura za wote waliokimbia vita wakaja kukaa huku mjini. Amekubali. Sentensi ya kwanza anaitaka hivi: "Mimi niliyeteseka kwa ajili yenu, nastahili kuwaongoza."

Kalamu inakataa. Mateso yake ni ya kweli, bibi alimlilia mpaka akaugua. Lakini hakwenda msituni kwa ajili ya mtu, alitekwa. Je, mateso yanampa mtu haki ya kukaa kwenye kiti kikubwa? Nikimwambia ninavyofikiri, ataona nadharau kidonda chake. Nilipendekeza niandike juu ya daftari lake: kila mwaka kabla ya masomo kuanza anapita nyumba kwa nyumba kuomba pesa za kuandikisha shule watoto wa waliokimbia vita, na majina yote anayo. Akasema hayo ni madogo, watu hawapigii kura daftari.

Nifanye nini?

Mzee_Kipushi

Mwalimu, jambo hili Wamarekani walilibishania sana 2008. John McCain alikuwa rubani wa jeshi la wanamaji, ndege yake ikaangushwa Hanoi Oktoba 1967. Alivunjika mikono yote miwili na mguu, akakaa kifungoni hadi Machi 1973, akipigwa na kuteswa. Alipogombea urais, jenerali mstaafu Wesley Clark, aliyekuwa upande wa mpinzani wake Obama, alisema kwenye televisheni kwamba kuendesha ndege ya vita na kuangushwa si sifa ya kuwa rais. Kelele zikawa nyingi, hata kambi ya Obama ikajitenga na maneno hayo. Lakini Clark mwenyewe alipigwa risasi nne Vietnam, kwa hiyo hakuwa mtu wa kudharau vidonda vya vita.

Mimi naona alisema nusu ya ukweli. Kuangushwa kunaweza kumpata yeyote. Ila mwaka 1968 waliomshika walitaka kumwachia mapema, kwa kuwa baba yake alikuwa admirali mkubwa. Akakataa: waliotekwa kabla yangu watangulie. Akabaki zaidi ya miaka minne mingine. Hapo ndipo unaweza kumpima mtu, maana mlango ulikuwa wazi na alijua bei ya kutopita. Halafu 2005, akiwa seneta, alisimamia sheria ya kukataza ukatili kwa wafungwa walio mikononi mwa Marekani. Serikali ya chama chake mwenyewe haikuitaka, lakini Seneti iliipitisha kwa kura 90 dhidi ya 9. Alijua kipigo cha gerezani, akakifanyia sheria.

Na bado 2008 alishindwa. Mabenki yalikuwa yanaanguka, watu wakataka kusikia habari za mkate wao. Hata Bob Dole, ambaye mkono wake wa kulia haukufanya kazi tena tangu alipojeruhiwa Italia mwaka 1945, alishindwa 1996 na Clinton, mtu ambaye hakwenda vita yoyote. Mwambie baba mdogo hivyo: makovu yatawafanya watu wanyamaze wamsikilize, lakini baada ya hapo watamngoja aseme.

Binti_Pweto

Mzee, kwa heshima yako, sikubali yote. Kennedy alishinda urais wa Marekani 1960, na habari za mashua yake ya vita iliyokatwa vipande viwili na Wajapani mwaka 1943 zilimsaidia sana. Watu si mawe.

Sisi tulikimbia Pweto mwisho wa mwaka 2000, nikiwa mgongoni kwa mama, tukavuka mpaka kuingia Zambia. Wanaotutungia sheria Kinshasa wengi hawajui kulala na watoto chini ya mti bila bukari, yaani ugali. Bajeti ya waliohamishwa na vita ikijadiliwa, nataka pale ndani awepo mtu ambaye tumbo lake linakumbuka. Mwalimu, usiyafiche makovu ya baba yako mdogo kama kitu cha aibu. Kinachoniudhi ni hayo maneno "kwa ajili yenu". Hayo ayafute. Mimi nina madeni mengi, lakini hilo la kwake silidaiwi.

Muuguzi_wa_Kamalondo

Niongeze ambalo watu hukwepa. Nimewahudumia wengi waliotoka msituni. Wapo waliopata upole ambao sijauona kwa mtu mwingine, na wapo ambao mlango ukigongwa kwa nguvu wanashika panga. Si kosa lao. Lakini mtu akiomba madaraka makubwa, wapiga kura wana haki ya kuuliza anakaaje na hasira yake. McCain aliulizwa, maana alijulikana kwa hasira za haraka, akawaonyesha waandishi wa habari rekodi zake za matibabu. Baba mdogo analala vizuri? Je, amewahi kukaa na mtu akamweleza yote, mbali na jukwaa? Akianza kuyasimulia mbele ya umati kila siku, kampeni nzima, nani atakuwa naye usiku?

Mwana_Katuba

Mama muuguzi, hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Nyumbani huwa hasimulii. Tunajua kwa vipande tu.

Sheria_Kampemba

Katiba yetu, kifungu cha 102, inamtaka mgombea ubunge awe Mkongomani, awe na miaka 25, awe na haki zake zote za kiraia na kisiasa, na asiwe amezuiwa na sheria ya uchaguzi. Mateso hayamo. Kazi ya Bunge ni kupitisha sheria na kuidhibiti serikali, kwa hiyo hotuba iseme atapitisha nini na atamdhibiti nani.

Mfano wa karibu ni Daktari Mukwege. Oktoba 2012 wenye silaha waliingia kwake Bukavu, mtu wa nyumbani kwake akauawa, yeye akaponea chupuchupu. Akaenda Ulaya na familia. Angeweza kubaki. Januari 2013 alirudi kwa wagonjwa wake katika hospitali ya Panzi. Wengi humsifu kwa tuzo ya amani ya Nobel ya 2018, mimi humsifu kwa kurudi kule. Lakini 2023 alipogombea urais hakufikisha hata asilimia 1 ya kura. Kuheshimiwa na kuchaguliwa havikwenda pamoja, na mtu wa chama anayemwahidi baba yako mdogo kura kwa sababu ya makovu anamdanganya.

Kuna hatari nyingine. Katika mkoa wetu wa zamani wa Katanga karibu kila jamii ina wafu wake. Waluba na Watwa wa mkoa wa Tanganyika, waliopigana wao kwa wao, wote wana makaburi. Mgombea akisema nichagueni kwa kuwa niliteswa, wa upande wa pili atasimamisha wa kwao aliyeteswa, na uchaguzi utakuwa mashindano ya maiti.

Mwana_Katuba

Aksanti sana. Nimezungumza naye jana jioni, tukiwa wawili tu. "Kwa ajili yenu" amekubali kuifuta, tena bila ubishi, nadhani hata yeye ilikuwa inamkwama. Makovu yatatajwa kwa sentensi mbili, kisha daftari, kisha sheria anayotaka kuipigania kuhusu shule za watoto waliohamishwa na vita. Kuhusu kulala hakunijibu. Alinyamaza, akaomba namba ya mama muuguzi. Naweza kukuandikia faragha, mama?

Muuguzi_wa_Kamalondo

Andika, mwanangu. Na aje na mke wake.

Mzee_Kipushi

Ukimaliza hizo sentensi mbili zilete hapa tuzisome. Ndizo ngumu kuliko zote.