Naombeni ushauri: jioni ya familia shule ya msingi, mwaka jana ilitushinda

mama_wa_pili
Wakuu habari za jioni. Mimi ni mzazi, mwanangu yuko darasa la pili shule ya serikali huku Mbagala, na mwaka huu wazazi wenzangu wamenichagua nisimamie maandalizi ya jioni ya familia, yani wazazi, watoto na walimu tukutane shuleni tucheze tule tufurahi basi, sio kikao. Kina baba wengi huku getini wanafika mara mbili tu, siku ya kuandikisha mtoto na siku mtoto kavunja kioo. Mimi nataka angalau siku moja mtoto amuone baba yake anakimbia uwanjani kwa ajili yake.

Mwaka jana tulijaribu. Kadi iliandikwa saa kumi, mgeni rasmi akafika saa kumi na mbili kasoro, ikaanza risala, utambulisho wa meza kuu, hotuba juu ya hotuba, giza likaingia michezo haijaanza. Mwanangu alitoka nyumbani na kijiko chake cha kukimbilia na ndimu, wiki nzima tulifanya mazoezi uani, akaishia kulala mapajani kwangu kakishikilia. Nilimbeba mpaka nyumbani hajakiachia. Iliniuma sana.

Sasa tumepanga Jumamosi mwezi wa saba, tuna laki tatu na nusu, na shule ina watoto zaidi ya elfu moja. Tuanze saa ngapi, michezo gani, chakula tufanyeje, na usalama wa watoto usiku? Natanguliza shukrani.

mwl_mstaafu
Binti yangu, hongera kwa kubeba jambo hili. Cha kwanza punguza watu. Elfu moja na wazazi wao kwa laki tatu na nusu haiwezekani, anza na la kwanza na la pili tu, wengine watadai zamu yao wenyewe. Cha pili ondoa meza kuu. Mwalimu mkuu akaribishe dakika tano amesimama, basi.

Halafu kuwa makini na hela. Msiwape watoto karatasi za mchango wapeleke nyumbani. Mnakumbuka 2018 Rais Magufuli alivyokataza walimu kukusanya michango shuleni, na mimi nilikuwa bado kazini, nilishaona watoto wanajificha chooni kwa sababu ya karatasi hizo. Mwenye nia atoe kwa hiari yake kupitia kamati ya shule, na mkimaliza mbandike mahesabu ukutani. Mzazi asiye na kitu akiona karatasi haji, na huyo ndiye mtoto wake anamhitaji pale kuliko wote.

boda_wa_zakhem
Dada ngoja nikwambie ukweli sisi kina baba kwanini hatuji. Tukiitwa shule ni hela au ni aibu, sasa mtu ukiona simu ya mwalimu unawaza nimekosa nini. Na tukija tunasimama ukutani hatujui tushike nini. Tupe kazi! Niambie njoo saa nane tufunge turubai na tupange viti nakuja, na nikishakuwepo siondoki. Weka kuvuta kamba baba na mtoto wake upande mmoja, sio baba peke yao. Na iwe mapema maana Jumamosi usiku ndo tunapata hela, mimi saa moja na nusu lazima niwe barabarani.

Kingine barua hazifiki, zinabaki kwenye begi na maganda ya miwa. Tuma meseji Alhamisi, kumbusha Jumamosi asubuhi.

bibi_kachori
Mwanangu usipike pilau. Pilau la watu mia nne litameza hela yote na nusu ya wamama watashinda jikoni hawatamuona mtoto hata mmoja akicheza. Tafuta wazazi wanaouza vitu, wa kachori, wa bajia, wa mihogo ya kukaanga, waje wauze hapohapo bila kulipia nafasi. ILA, na hili usiliache, kila mtoto apewe tiketi mbili getini bure, moja ya andazi moja ya juisi ya ukwaju. Hakuna kitu kibaya kama mtoto kusimama anamwangalia mwenzake anakula. Mimi kilo moja ya ngano natoa maandazi 20 ya wastani, kwa hiyo watoto 300 ni kilo 15, piga hesabu na mafuta na sukari utaona bado hela inabaki. Vifuko vya nailoni si vilikatazwa tangu Juni 2019, tumieni bahasha za kaki.

mama_wa_pili
Bibi shikamoo, hiyo ya tiketi sikuiwaza kabisa, nimeshaandika. Mwalimu nimekuelewa, tutachukua la kwanza na la pili. Na giza je? Hapo ndo naogopa.

fundi_spika
Mwezi wa saba Dar jua linazama saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi na likizama limezama, ndani ya nusu saa huoni mtu. Kwa hiyo anza saa tisa na nusu, mbio zote ziishe kabla ya magharibi, adhana ikitoka zima mziki watu waswali, mkirudi ndo vitu vya kukaa sehemu moja yenye taa. Taa moja lazima njia ya chooni, watu huwa wanaweka zote jukwaani. Nunueni umeme wa LUKU mapema na jenereta iwepo ya akiba. Taarifa mpeleke serikali ya mtaa na polisi kabla, kwa maandishi, msije mkazimiwa mziki saa moja.

Geti liwe moja tu na wazazi wawili wakae hapo muda wote. Namba ya simu ya mzazi iandikwe mkononi mwa mtoto kwa maka peni, na mtoto asitoke na mtu asiyekuja nae. Tumefanya hivi kwenye sherehe nyingi nilizopiga mziki.

nipo_ohio
Mimi niko Columbus, Marekani, watoto wangu wako shule ya msingi huku na jioni hizi zinafanyika sana. Kinachowashika wazazi ni kadi, familia inapewa kadi moja, kila mchezo mkicheza pamoja mnagongewa mhuri, ikijaa mtoto anachagua kitabu au penseli. Mzazi hawezi kukaa pembeni na simu maana mtoto anamvuta wamalizie kadi. Na yule ambaye hana wa kuja nae apangiwe mtu mzima mapema, sio siku hiyo mbele za watu.

mama_wa_pili
MREJESHO wakuu. Imefanyika juzi. Tulianza saa kumi kasoro kumi, maandazi yaliisha saa kumi na mbili maana wadogo zao walikuja wote na hatukuwahesabu, mwakani tunaongeza kilo tano. Spika moja iligoma. Lakini kina baba walikuja, kwenye kamba wengine walivua viatu, na watoto watano wasio na wa kuja nao walimu walikuwa wamewagawana tangu Jumatano hakuna aliejua. Usiku tulizima mziki, bibi wa mtoto mmoja wa darasa la kwanza akakaa kwenye mkeka chini ya taa, "Kitendawili!" uwanja mzima "Tega!", saa moja na nusu nikaenda kumwambia muda umeisha wazazi ndo wakakataa.

Mwanangu kawa wa nne mbio za ndimu. Kijiko kaenda nacho shule leo.

boda_wa_zakhem
Safi sana dada. Hiyo kamba mlipata wapi? Shule ya wanangu nataka niwaambie.

mama_wa_pili
Tuliazima kwa wavuvi Feri kaka, ile nene ya katani, ya nailoni inachana watoto mikono. Njoo inbox nikupe namba.