Mrejesho: Ule mtaro wa Ngamiani uliokuwa unatufurikia

Wakuu, habari za siku. Mtakumbuka kabla ya masika niliomba ushauri kuhusu mtaro wetu huku Ngamiani, Tanga, uliojaa taka hadi maji ya mvua yakawa yanapanda vibarazani. Asanteni sana mliojibu, hata mlioniambia nihame.

Nilimfuata yule aliyesema nisianze na barua, nianze na mwenyekiti wa mtaa ana kwa ana, halafu yeye ndiye aitishe mkutano. Ilifanya kazi. Mtendaji naye alikuja, tukakubaliana kila nyumba itoe mtu na koleo Jumamosi asubuhi. Akina mama wa vitumbua walitoka kabla ya wanaume, niseme ukweli. Tulitoa makumbi ya madafu, pampasi, mifuko ya simenti, na godoro zima lililokaba mdomo wa karavati. Hilo godoro ndilo lililokuwa mchawi wetu.

Ushauri wa kuchangishana hela ya guta la kubebea tope ulikwama. Wapangaji walisema hiyo ni kazi ya wenye nyumba. Wenye nyumba wakanyamaza. Tope likabaki kando ya mtaro, na mvua ya kwanza ikarudisha sehemu yake ndani. Kwa hiyo atakayejaribu mtaani kwake apate kwanza usafiri wa tope, ndipo ashike koleo.

Masika yameisha. Maji yalijaa barabarani, vibarazani hayakupanda. Wenzetu wa upande wa chini, karibu na msikiti, bado wanalia. Mwenyekiti anasema zamu yao inafuata.