Jaji wa maisha: hoja ya Hamilton bado inasimama?

Mleta mada:
Makala 85 za The Federalist ziliandikwa 1787 na 1788 kuwashawishi watu wa New York waikubali Katiba mpya ya Marekani. Katika namba 78, Alexander Hamilton anatetea majaji wa shirikisho wakae kazini maadamu mwenendo wao ni mwema, maana yake hadi wafe, wajiuzulu au waondolewe. Rais ana upanga, bunge lina mfuko, jaji ana hukumu tu, asipolindwa atamezwa. Kwangu hoja hiyo imechoka. Majaji wa Mahakama ya Juu ni 9: kila baada ya miaka 2 atoke mmoja, kila mtu atumikie 18.

Mchangiaji wa 1:
Mkuu, umesoma 78 ukaacha 79. Humo Hamilton anasema anayeshika riziki ya mtu ameshika na utashi wake. Ndiyo maana mshahara wa jaji aliye kazini unaweza kuongezwa lakini haupunguzwi. Wa Rais hauguswi kabisa ndani ya muhula, kwa sababu miaka 4 ni michache na ya jaji ni mingi, fedha hushuka thamani. Kenya nao wamelinda mshahara wa jaji, ibara ya 160(4) ya Katiba ya 2010. Sasa wewe unamtoa jaji aliyeanza na miaka 44 akiwa na 62, bado ana nguvu. Ataomba kazi kwa nani, kama si kwa kampuni zilizokuwa na kesi mbele yake?

Mchangiaji wa 2:
Na Brutus je? Mpinzani huyu wa Katiba aliyejificha nyuma ya jina la bandia alionya mapema 1788 kwamba juu ya majaji hao hapatakuwa na mtu. Angalia njia ya kumwondoa: Baraza la Wawakilishi limshtaki, Seneti imtie hatiani kwa theluthi mbili. Wa Mahakama ya Juu aliyewahi kushtakiwa hivyo ni mmoja, Samuel Chase, 1804, na mwaka uliofuata Seneti ikamwachia. Hukumu ya Dred Scott ya 1857, iliyowanyima weusi uraia, ilizikwa na marekebisho ya 14 ya Katiba mwaka 1868, tena baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mnyonge gani huyo?

Mleta mada:
Mchangiaji wa 1, la riziki lina jibu. Jaji wa shirikisho mwenye miaka 65 na utumishi wa 15 tayari hustaafu na mshahara wake wote. Mpe huyo wa miaka 18 vivyo hivyo, kwa sharti asifanye uwakili. Kinachonisumbua mimi ni kifo. Jaji akifa mwaka wa 7, mrithi amalizie 11 iliyobaki. Akianza 18 mipya, ratiba yote imevurugika.

Mchangiaji wa 3:
Seneti ikigoma kumthibitisha jaji aliyeteuliwa na Rais? Kiti cha Mahakama ya Juu kilichoachwa wazi Februari 2016 kilijazwa Aprili 2017. Ratiba yako haina dawa ya hilo, labda uandike kwamba Seneti isipopiga kura ndani ya siku kadhaa, jina limepita. Na kuliandika hilo ndani ya Katiba kunataka majimbo 38 kati ya 50.