Mrejesho: Hilux yangu na matairi ya 265/70R17

Wakuu, niliwauliza kama Hilux yangu, iliyokuja na matairi ya 265/65R17 (upana milimita 265, ukuta wa tairi asilimia 65 ya upana huo, rimu ya inchi 17), niivalishe 285/70 au nihamie rimu 18. Nimebaki na rimu zilezile za 17, nikafunga 265/70. Gari imepanda kama sentimita 1.3 tu, na tairi haligusi popote hata nikikata stelingi yote. Nimeshaenda nayo Mvumi, huku Dodoma, mara mbili. Kwenye mchanga wa korongo nilishusha upepo wa matairi hadi psi 20, ikapita bila kuzama! Aliyesema ukuta mrefu wa tairi unafaa kuliko rimu kubwa, nakushukuru kwa dhati. Spidomita inasoma pungufu: 100 ya sasa ni kama 103 ya zamani. Spea nayo nimenunua saizi hiyohiyo. Tope la Bahi, Dodoma hukuhuku, bado sijalijaribu, nasubiri mvua za Desemba.