Nimeigeuza Mario ya majini kuwa singeli, nichaneni ila mniambie ni wapi

BitiNdogo:
Habari zenu wakuu. Nimeuchukua ule muziki wa Mario akiwa chini ya maji, wa Super Mario Bros. ya 1985, nikaugeuza kuwa singeli kwenye FL Studio, programu ya kutengenezea muziki. Nimeurusha kwenye magrupu ya WhatsApp, kila mtu "kali", "moto huo", halafu kimya. Mshikaji wangu mmoja anayefuatilia sana remix za gemu kanisikilizia mara moja tu, akasema "kuna kitu hakikai", basi, hajui ni kipi. Na mimi nakisikia hicho kitu ila sikishiki.

Maelezo: spidi mapigo 220 kwa dakika, biti ya hesabu ya nne kama kawaida ya singeli. Melodi ni faili la MIDI nililopakua (linabeba noti tu, sauti unaivalisha mwenyewe), nikalipa sauti ya piano, isipokuwa mwanzoni nimetumia sauti ya gemu. Besi ni 808, ile besi nzito ya mashine ya ngoma. Urefu dakika mbili na ushee. Msiniambie kali. Niambieni sekunde ngapi pana tatizo gani.

Mtoto_wa_Bonge:
Kali sana mkuu 🔥🔥 weka na vokali sasa

FundiKaseti:
Huyo wa juu hata swali hakulisoma.

Mdogo wangu, nimeisikiliza kwa spika ya dukani, kisha kwa hedifoni. Wengi watakuambia miksi. Miksi yako haina ubaya wa kutisha. Tatizo lako ni hesabu.

Koji Kondo aliutunga muziki wa majini kwa hesabu ya tatu, ni waltz: moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu. Ule wa nchi kavu ndio wa nne. Sasa wewe umechukua wa tatu ukausukumiza kwenye biti ya nne, na ili uenee umetia pigo moja tupu mwisho wa kila tatu. Rudi sekunde ya 34 usikilize. Melodi inafika, inasimama kungoja biti imalize, ndipo inaendelea. Inachechemea hivyo mpaka dakika ya kwanza inakatika. Hicho ndicho mshikaji wako alichokisikia.

Halafu kwenye 1:10 sijui ulikusudia au mkono uliteleza: umeiacha melodi itembee na tatu zake, ngoma ziende na nne zake, hakuna anayemngoja mwenzake. Vinaachana, vinakutana tena kila pigo la kumi na mbili. Aisee! Pale niliinua kichwa. Remix yako ni hiyo, sekunde ishirini hivi, na umeikata kurudia yale ya mwanzo.

Besi sasa. Chipu ya Famicom, mashine ya Nintendo iliyopigia gemu hiyo, ina njia tano za sauti: mbili za mawimbi ya mraba, moja ya pembetatu, moja ya kelele, na moja ya vipande vilivyorekodiwa. Ile ya pembetatu ndiyo hubeba besi, na haina ngazi za ukubwa wa sauti. Inalia au inanyamaza, basi. Mtunzi hakuweza kuipandisha wala kuishusha, kwa hiyo kazi yote aliifanya kwa kuchagua ilie wapi na inyamaze wapi. Wewe 808 yako ina mkia mrefu, imefunika kila penye kimya. Fupisha mkia, uone melodi itakavyopata hewa. Ukubwa wa sauti usiuguse.

Piano ni uvivu, samahani. Kila noti ina nguvu ileile kwa sababu MIDI imekuja hivyo. Sauti ya gemu inalivumilia hilo, piano inakuumbua. Ama ukae uzipange noti moja moja kwa mkono, ama urudi kwenye sauti ya gemu uliyoanza nayo.

Na hiyo ya mwanzo usije ukaibadilisha. Mtu atakuja kukuambia "siyo sauti halisi ya Nintendo", na kweli siyo. Mimi nafungua hizi mashine kila wiki. Zile za Kichina za kaseti za "9999 in 1" tulizokua nazo, nyingi chipu zake zimegeuza upana wa mawimbi ya mraba: palipotakiwa asilimia 25 zinatoa 50, palipotakiwa 50 zinatoa 25. Noti ni zilezile ila sauti nyembamba inatoka nene, na nene inatoka nyembamba. Ndiyo maana mtu wa mtaani akisikia rekodi ya mashine ya Japani anaona kama kuna kitu kimebadilishwa. Wewe umeipata ile ya sebuleni kwetu. Iache.

Bi_Chakacha:
Shikamoo Fundi. Hesabu yako naikubali, dawa siitaki. Kama wimbo ni wa tatu, kwa nini tuuhangaishe na singeli? Huku Mombasa chakacha ipo na hesabu yake ni sita, ngoma hii inazigawa mbili mbili, ile inazigawa tatu tatu. Waltz inaingia humo bila hata kubisha hodi. Singeli abaki nayo kwa ule wa nchi kavu.

Na wewe BitiNdogo, hapo kwenye MIDI angalia. Kuna OverClocked ReMix, tovuti ya remix za gemu, wapo tangu 1999, wana majaji wanaosikiliza kazi za watu kama wewe na kuandika kwa nini wamekubali au wamekataa. Wanataka wimbo wa asili utambulike, tena utawale, lakini mpangilio uwe wa kwako. MIDI iliyobadilishwa sauti tu wanairudisha. Soma maamuzi ya zile zilizokataliwa, utajifunza kuliko kwenye zilizopita. Ila ujikaze roho, hawana "kali mkuu".

FundiKaseti:
Marahaba dada. Chakacha ingekaa vizuri mno, sibishi, na ukiifanya wewe nitaisikiliza. Lakini kijana kaja na singeli. Tukimhamishia kwenye ngoma nyingine tunakuwa tumetunga ya kwetu, ya kwake hatujaikosoa.

BitiNdogo:
Shikamooni wote. Fundi, ya 1:10 sikuikusudia, niliona imekaa vibaya kwenye gridi nikajua nitarudi kuinyoosha. Sasa nikiitumia wimbo mzima si watu watapotea? Kwenye singeli MC lazima ajue moja iko wapi.

FundiKaseti:
Swali zuri hilo. Usiitumie mzima. Anza na ngoma peke yake mpaka mtu ameshika moja yake, ndipo uingize melodi ya tatu. Kiki, ile ngoma nzito ya chini, isiyumbe hata kidogo. Kila vinapokutana kwenye ile kumi na mbili weka alama, kofi au kelele fupi, MC akamate hapo. Na kwenye FL usibadilishe hesabu ya mradi wote. Acha nne, kata melodi kwa urefu wa mapigo kumi na mawili uirudie. Chechemea za sekunde ya 34 futa zote.

Ukimaliza weka kiungo hapahapa, Bi Chakacha naye apate pa kukuchana.

Bi_Chakacha:
Nipo. Na hiyo piano nisiikute.