Tupeane uzoefu: umewafundishaje watoto kulima kwa kuiga msitu?

Mama Wawili, Dar: Habari zenu wapendwa. Wanangu wana miaka 6 na 9, na uwanja wetu ni mchanga mtupu. Mwaka jana nilimpa kila mmoja tuta la mchicha. Jua la Januari likaumaliza wote, mdogo akalia. Baadaye tulikwenda msitu wa Pugu, akaniuliza, "Mama, huku nani anamwagilia?" Tukafukua majani makavu kwa mikono: chini kuna unyevu, kuna jongoo, udongo mweusi. Tangu siku ile hatuchomi majani ya mwembe, tunayatandaza kwenye matuta. Safari hii mchicha tumeula. Nyie mlianzaje?

Mchaga wa Kibosho: Kwetu darasa ni kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga. Babu yao anawapitisha humo: juu miti mirefu, chini yake migomba, kisha kahawa, chini kabisa magimbi na maharage. Anawauliza, "Nani anamkinga nani jua?" Mkungu ukishakatwa, mgomba unakatwakatwa na kulazwa palepale shinani. Kubeba vipande ni kazi ya wajukuu, na wanaigombania.

Mwalimu, Mbinga: Wanafunzi wangu waliona nyasi ni uchafu. Nikawapeleka kwa mzee mmoja anayelima ngoro, yaani kilimo cha mashimo. Nyasi zinafyekwa, zikishakauka zinapangwa kwa mistari ya miraba, halafu udongo wa katikati unafukuliwa kuzifunika. Pale katikati linabaki shimo. Mvua ikinyesha maji yanatuama humo, udongo hauteremki bondeni, na nyasi zinaozea chini ya maharage. Wamatengo wamelima hivi kwenye miteremko mikali vizazi na vizazi, na mimi naona ni elimu kubwa kuliko mabango yetu ya darasani. Maharage yalipotoa maua tuling'oa mche mmoja, tukapasua vinundu vya mizizini. Ndani vyekundu! Nikawaambia humo ndimo mbolea inamotengenezwa. Hakuna aliyetaka kurudi darasani.

Bi Kunde, Tanga: Wapeni watoto wanachokula. Wangu walikuwa hawagusi kisamvu wala kunde, sasa wanachuma wenyewe.

Baba Juma: Mama Wawili, na kuku je? Wangu wanafukua majani yote.

Mama Wawili, Dar: Tumezungushia makuti mpaka miche ikomae. Mkubwa analinda asubuhi, mdogo akitoka shule.